Amesafiri, Ameenda Kapsabet

Kwa miaka ishirini na sita Wepukhulu amelinda mageti ya watu mjini Eldoret, na katika miaka hiyo yote hakuna mgeni hata mmoja aliyepata jibu la maana kutoka kwake. Ukimuuliza mwenye nyumba yuko wapi, hayupo. Ukimuuliza atarudi lini, hajui. Ukizidi kumsumbua, atakuambia amesafiri, ameenda Kapsabet, kisha atafunga kile kidirisha kidogo cha geti na wewe utabaki hapo nje ukitazama rangi yake. Mji wa Kapsabet aliuchagua kwa hesabu zake. Ni mbali kiasi cha kumkatisha mtu tamaa, na ni karibu kiasi cha kuaminika. Yeye mwenyewe hajawahi kufika huko.

Usidhani alizaliwa hivyo. Alipotoka kwao upande wa Kimilili akiwa kijana, akaja kupalilia mahindi ya watu kule Moiben, alikuwa mcheshi kupindukia, mtu wa kusimama njiani kumuuliza mpita njia habari za ng'ombe wake. Hata alipopata kazi ya kulinda duka moja la vifaa vya ujenzi mjini alikuwa bado vile vile. Asubuhi moja akaja bwana nadhifu mwenye tai, akamsalimia kwa Kibukusu, akamuuliza tajiri yuko wapi. Wepukhulu, kwa raha ya kusikia lugha ya nyumbani, akamwaga kila kitu. Tajiri ameenda matangani Webuye, karani yuko peke yake, saa saba karani hufunga akaenda zake kula. Saa saba na nusu duka lilikuwa jeupe, hata misumari iliyomwagika sakafuni ilikuwa imezolewa. Wepukhulu alilala korokoroni siku tatu, akala makofi ya kutosha, akatoka bila kazi na bila hata neno la pole. Tangu siku hiyo akaapa kwamba kinywa chake hakitamsaidia tena mtu asiyemjua.

Na kiapo hicho kilimpa sifa. Matajiri wa Eldoret walimgombania. Ndivyo alivyofika kwa Diana Jepkosgei, mkimbiaji wa mbio ndefu, mama wa msichana mmoja anayeitwa Faith, mwenye nyumba ya mabati mekundu nje kidogo ya mji. Wepukhulu humwita Mama Faith. Yeye humwita Mzee, na hilo "Mzee" lake lina heshima ndani, siyo lile la watu wanaokuita hivyo huku wanakutuma sigara. Miaka minne amekaa kwake. Anapewa chai kwenye kikombe kile kile wanachonywea wenye nyumba. Mkewe Namalwa alipougua, Jepkosgei alimtuma kaka yake Gideon na pickup hadi Kimilili kumchukua. Mambo kama hayo Wepukhulu huyakumbuka, ingawa kwa miezi sita ya kwanza alikuwa akijiuliza wanataka nini.

Sasa sikiliza shida iliyokuwa katika nyumba hiyo. Mkimbiaji wa kiwango cha Jepkosgei hupimwa mkojo na damu ili ijulikane hatumii dawa za kuongeza nguvu. Wapimaji hawatangazi siku. Yeye ndiye anayetakiwa kuandika kwenye simu, kila siku, atakuwa wapi kwa saa moja aliyoichagua, na wakija ndani ya saa hiyo wakamkosa, anahesabiwa kosa. Makosa matatu ndani ya mwaka mmoja, unafungiwa kukimbia miaka miwili. Jepkosgei alikuwa na mawili. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, na miaka miwili ya kukaa nyumbani ingekuwa ndiyo mwisho wake. Kibaya zaidi, mara zote mbili, saa waliyosema walikuja, yeye alikuwa ndani ya nyumba amelala, simu imezimwa jinsi anavyoizima kila anapolala.

Baada ya kila kosa alimwendea Wepukhulu getini na kumuuliza kwa upole kama watu wa kupima walikuja asubuhi fulani. Wepukhulu akajibu hapana, na alijibu kwa moyo safi. Watu wa kupima aliwajua. Mpimaji alikuwa Nicholas, aliyekuja miaka miwili mfululizo na koti la buluu, kadi shingoni na sanduku mkononi, akimsalimia kwa jina. Nicholas alikuwa ameacha kuja. Basi Jepkosgei akahitimisha kwamba wapimaji wanamwonea, kwamba kuna mtu amewalipa waandike uongo, na nyumba nzima ikaanza kuishi kwa kunong'ona. Alimshuku meneja wake. Alimshuku jirani yake wanayekimbia naye mbio zile zile. Kuna wakati alimshuku hata Gideon, ndugu yake wa tumbo moja. Mtu mmoja tu hakumshuku.

Jumanne moja jioni alikuja getini akasema, "Mzee, kesho utaenda na sisi mlimani."

Alimaanisha Mlango wa Upepo, pale barabara ya Cherangani inapokatiza katikati ya vilele viwili, zaidi ya mita elfu tatu juu. Watu wa Eldoret wenye magari huenda huko kupiga picha. Jepkosgei hukimbilia huko kila baada ya wiki mbili, kilomita ishirini na moja za kupanda bila kupumzika. Wepukhulu alimuuliza nani atabaki na geti. Jepkosgei akasema geti litafungwa kwa kufuli, na tena Mzee amekaa Eldoret miaka hii yote na hajawahi kuonyeshwa kitu chochote kizuri.

Usiku huo usingizi ulikuwa wa kubahatisha. Wepukhulu alilipindua jambo hilo kila upande. Mtu hachomi mafuta ya gari kumpeleka mlinzi kuangalia milima. Labda wanataka aondoke nyumbani ili kitu kiingizwe au kitolewe. Labda Gideon ana shemeji anayetafuta kazi, na huko juu ndiko atakakoambiwa kwa ustaarabu, na kikombe cha chai mkononi, kwamba sasa amezeeka. Alfajiri alikagua magurudumu ya pickup moja baada ya jingine. Aliweka makufuli mawili badala ya moja. Emmanuel, mlinzi wa jirani, alipomuuliza wanaelekea wapi, Wepukhulu akamwambia Kapsabet.

Walipita Moiben jua likiwa changa, mahindi yamesimama pande zote hadi macho yanachoka. Baada ya Chebara barabara ikaanza kupanda na kujikunja. Kona moja ilimwonyesha Wepukhulu bonde, iliyofuata ikamwonyesha ukuta wa mawe, na kila Gideon alipobadilisha gia Wepukhulu alikanyaga sakafu ya gari kana kwamba naye ana breki. Mahindi yakaisha, vikaja viazi na kondoo wenye manyoya mazito, kisha hata viazi vikaisha ikabaki nyasi fupi iliyoungua kwa baridi. Masikio yake yakaziba. Alitaka kuuliza kama ni kawaida, akanyamaza asije akaonekana mshamba.

Huko juu palikuwa na uwazi wa kokoto kando ya barabara, kibanda kimoja cha mbao ambacho ni hoteli ya chai, na upepo wa kumvua mtu kofia. Jepkosgei alimshika mkono akampeleka ukingoni. Upande wa mashariki ardhi iliporomoka moja kwa moja hadi Bonde la Kerio, na mawingu yalikuwa chini yao, meupe, yametulia. Upande wa magharibi Uasin Gishu yote ilikuwa imelala wazi. Jepkosgei alimwonyesha kwa kidole: ile pale Moiben. Wepukhulu alitazama. Shamba alilolipalilia ujanani, ambalo mstari mmoja ulimmaliza mgongo kuanzia asubuhi hadi saa sita, halikuwa hata na ukubwa wa kiraka cha suruali. Alihisi uchungu wa ajabu, kama mtu aliyedanganywa.

Kisha wakamwacha. Mpango ulikuwa Gideon amrudishe Jepkosgei chini hadi kilomita ya kuanzia, yeye apande akikimbia, na pickup imfuate nyuma na maji. Wepukhulu angebaki pale hotelini na begi la nguo kavu na thermos. Jepkosgei alimweleza kwamba kwenye simu ameandika kuwa kuanzia saa nne hadi saa tano atapatikana hapo, hoteli ya mbao ya Mlango wa Upepo.

"Watu wa kupima wakikuja kabla sijafika," alisema, "waambie niko njiani, wanisubiri. Umesikia, Mzee?"

Wepukhulu alisikia. Pickup ilipopotea kwenye kona alikaza macho huko kwa muda mrefu, kwa sababu wazo lilikuwa limemwingia kwamba hawarudi.

Mama wa hoteli alimpa kiti cha nje penye jua, akaenda nyuma kukamua ng'ombe. Ukungu ukaanza kupanda kutoka bondeni, ukameza ukingo, ukameza barabara, ukabakisha kibanda na mita chache za kokoto. Zilipobaki dakika kumi kufika saa nne, gari dogo la kijivu lilitokea ndani ya ukungu huo na kusimama. Wakashuka wawili. Mwanamke wa makamo aliyejitanda shuka zito juu ya sweta, na dereva mrefu aliyebaki ameegemea mlango. Wepukhulu aliwapima toka juu hadi chini. Hawakuwa na kamera. Hawakutazama bonde. Mtu aliyekuja kuangalia mandhari huangalia mandhari, hata kama kuna ukungu ataangalia ukungu, lakini hawa walikuwa wanaangalia kibanda.

Mwanamke alimsalimia vizuri, akauliza kama hapo ndipo hoteli ya mbao ya Mlango wa Upepo.

"Kwani munatafuta nini?" Wepukhulu akauliza.

Mwanamke akasema wanamtafuta dada mmoja, Diana Jepkosgei, mkimbiaji. Wepukhulu akamuuliza ni watu wake wa nini. Mwanamke akatabasamu kidogo, akasema ni mambo yao na yeye tu.

Hapo ndipo mwanamke alipoharibu. Sheria ya kazi yake ilimkataza kumwambia mtu baki alichokuja kufanya, naye alikuwa mfanyakazi mwaminifu. Wepukhulu naye alikuwa mfanyakazi mwaminifu. Mtu anayejua jina lako lote, anajua utakuwa wapi na saa ngapi juu ya mlima usio na watu, halafu hataki kusema shida yake, huyo Wepukhulu alimfahamu tangu siku ya yule bwana wa tai. Begi la Jepkosgei alilisukuma chini ya kiti kwa kisigino.

Akawaambia huyo dada hamjui. Akawaambia tena kwamba wamekosea, hapa ni mahali pa mahindi choma, na hoteli wanayotafuta iko mbele, wakishuka upande wa pili watakuta daraja, wapinde kushoto. Alisema kwa sauti ya mtu anayesaidia. Mwanamke alisita, akatazama huku na huku akitafuta kibao chenye jina, lakini kibao hakikuwepo na ukungu ulikuwa umefunga kila kitu. Dereva akasema saa zinaenda. Wakamshukuru, wakaondoka.

Wepukhulu alitoa daftari lake mfukoni, akaandika namba ya gari. Alijisikia vizuri sana. Hata chai ilikuwa tamu zaidi.

Saa nne na robo Jepkosgei alitokea kwenye ukungu akipumua kwa nguvu, mvuke ukitoka mabegani, pickup ikimfuata taratibu. Alizunguka kokoto mara mbili mikono ikiwa kiunoni kabla ya kuweza kusema.

"Wamekuja?"

"Nani?"

"Watu wa kupima."

"Hapana, Mama Faith. Hakuna mtu wa kupima amekuja."

Alitaka kumweleza pia habari za wale wawili, jinsi alivyowapoteza, lakini akaona amwache kwanza avae, asije akashtuka akiwa na jasho. Jepkosgei alivaa sweta, akakaa kwenye benchi kando yake, akashika kikombe kwa mikono yote miwili. Simu yake aliiweka juu ya meza. Mtandao ulikuwa unakuja na kwenda. Gideon alikuwa amefungua boneti anaangalia maji.

Na hapo, bila kuulizwa, Jepkosgei akamweleza kwa nini alimleta. Alisema amechoka na mambo ya geti. Barua zote mbili ziliandika kwamba walikuja getini wakaambiwa hayupo. Ndiyo sababu leo amechagua mahali pasipo na geti, peupe kabisa, na akamleta mtu mmoja duniani anayejua hatamdanganya. Wakiandika tena kwamba walikuja wakamkosa, Wepukhulu atasimama mbele ya wakubwa aseme hapana, nilikuwa hapo, hakuja mtu.

"Hizo barua sijakusomea, Mzee. Ziko kwa Kiingereza, na zimeandika mambo mabaya juu yako. Sikutaka uone kama nakushuku." Alifungua simu, akatafuta picha ya barua, akaanza kuifasiri polepole. "Wanasema ati alikuja mwanamke mmoja na dereva, saa kumi na mbili na dakika kumi. Ati walibisha mara tatu. Ati kuna mzee wa kofia ya sufi alifungua kidirisha akasema mwenye nyumba amesafiri, ameenda Kapsabet." Akacheka kicheko kikavu. "Kapsabet. Mimi niende Kapsabet kufanya nini?"

Wepukhulu aliendelea kushika kikombe. Kilikuwa kimepoa, hakukumbuka kimepoa saa ngapi.

Aliikumbuka ile asubuhi. Kulikuwa na umande, na shuka, na sauti ya mwanamke ikisema ni mambo yao na mwenye nyumba tu. Akakumbuka na ile nyingine, mwezi mmoja na nusu baadaye, sauti ile ile, na jinsi alivyofurahi kwamba amemjua ni mtu wa namna gani na amemfukuza haraka kuliko mara ya kwanza. Miezi mitatu sasa nyumba imekuwa ikinong'ona, Jepkosgei amemchunia kaka yake, jirani hasalimiwi tena, na mtu mwenyewe aliyeifanya kazi hiyo alikuwa amekaa hapo na thermos mapajani, anaaminiwa.

Saa ya simu ilionyesha saa nne na dakika thelathini na moja.

Sasa hapa nataka kumsema Wepukhulu ukweli, kwa sababu wapo watakaokuambia alinena mara moja. Hakunena. Aliona njia nyingine, na aliiona vizuri sana. Angekaa kimya. Dakika ishirini na tisa tu za kukaa kimya, kazi anayoijua kuliko mtu yeyote Uasin Gishu. Saa tano ingefika, barua ingekuja, Jepkosgei angelia na kuwalaani wapimaji, na Wepukhulu angesimama mbele ya wakubwa hao na kusema hakuja mtu. Angeendelea kunywea kikombe kile kile. Akinena, Jepkosgei atajua makosa yote matatu ni yake. Hakuna anayemweka getini mlinzi wa namna hiyo, na katika umri wake hakuna mwingine atakayempokea. Aliogopa mpaka magoti yakawa yanagongana, akasingizia baridi.

Jepkosgei akaona. Akavua shali yake, akamfunika nayo miguuni.

"Mama Faith," Wepukhulu akasema, "wamekuja. Nimewafukuza."

Hakuelewa. Ilibidi aseme tena, na safari hii akasema yote, wale wa leo, wa Machi na wa Mei, kofia, kidirisha na Kapsabet, bila kupumua, kama mtu anayetapika. Jepkosgei alikuwa tayari amesimama, anamwita Gideon afunge boneti.

Waliteremka upande wa pili kwa kasi ambayo Wepukhulu asingeikubali siku nyingine yoyote. Jepkosgei alikaa katikati, amenyoosha shingo kuutazama ukungu. Kona ya kwanza hakuna kitu. Kona ya pili lori la mbao. Daraja alilolibahatisha walilikuta, na kushoto mwa daraja, kama alivyojua mwenyewe, hapakuwa na hoteli wala kichuguu. Saa nne na dakika arobaini na tatu. Gideon aliuliza waende mbele au warudi, Jepkosgei akanyoosha kidole mbele. Wepukhulu alitaka kusema samahani akaona neno lenyewe ni dogo, halifai hata kutolewa.

Wakaenda mbele. Baada ya kona mbili, taa mbili za njano zikatokea zikipanda kuelekea kwao polepole. Gideon alipiga honi akasimama katikati ya barabara, na gari la kijivu likasimama pua kwa pua na pickup.

Mwanamke wa shuka alishuka na kadi mkononi. Aliitwa Mildred. Walikuwa wameuliza mchungaji wa kondoo njiani, akawaambia hoteli ya mbao ni ile ile waliyoipita. Jepkosgei alimwonyesha kitambulisho, Mildred akatazama saa yake, akaandika: saa nne na dakika arobaini na nane. Walirudi wote juu. Mildred alimfuata Jepkosgei nyuma ya kibanda hadi chooni kama sheria inavyotaka, chupa zikafungwa, karatasi zikasainiwa juu ya meza ya chai. Kosa la tatu halikuwepo.

Kabla ya kuondoka Mildred alimgeukia Wepukhulu. Alisema sauti ya mzee huyo aliijua tangu asubuhi, ni vile tu hakutegemea kuikuta juu ya mlima. Hakuwa na hasira. Alisema kama yuko tayari kuandika na kusaini alichofanya, barua zile mbili zinaweza kuangaliwa upya, lakini hawezi kuahidi. Wepukhulu akasema ataandika. Akauliza kama wana kalamu.

Ukungu ulikuwa umeondoka, bonde lote limefunguka chini yao, na magari mawili ya watu wa mjini yalikuwa yamefika, watu wamesimama ukingoni wanapiga picha. Wepukhulu hakutazama. Alikuwa anasubiri aambiwe kama atapanda mbele au nyuma. Gideon alimfungulia mlango wa mbele bila kumwangalia.

Walianza kuteremka kuelekea nyumbani. Nyasi zikaisha, viazi vikaanza. Kisha Jepkosgei akageuka, akamtazama Wepukhulu usoni, kisha viatu, kisha tena usoni. Wepukhulu aliujua mtazamo huo. Ndio anaowapa watu kupitia kidirisha, na kwa mara ya kwanza maishani alijua unavyouma ukiwa upande wa nje.

"Mzee," Jepkosgei akasema, "kuna wengine umewafukuza wenye mimi sijui?"

Alikuwa na nafasi nyingine hapo ya kusema hayupo, hajui, hakumbuki. Badala yake alitoa daftari mfukoni, akalifungua ukurasa wa kwanza, akalipeleka mbali kidogo na macho ili aone.

"Nianze na mwaka huu ama ule mwingine?"

"Huu."

Akaanza kusoma, jina kwa wale waliotaja jina, namba ya gari kwa wale wasiotaja. Mwalimu wa Faith. Wazee wa kanisa na kadi ya mwaliko. Mwanamke kutoka Ainabkoi aliyesema wamesoma darasa moja na alikuwa analia. Kwa kila mmoja Jepkosgei alifumba macho kidogo, kisha akamwambia aendelee. Walipofika Moiben, Wepukhulu alikuwa bado hajamaliza mwezi wa pili.